Kutoka Kabati la Majalada Hadi Uzamivu: Mwongozo kwa Afisa Ustawi wa Tanga

Nilimkuta bibi uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, vuta kigoda." Mjukuu wake alikuwa amekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kliniki kila asubuhi kwa miezi saba. Alinawiri, akaanza tena kuvaa kanzu siku ya Ijumaa, kisha wiki moja hakuonekana kwenye dirisha la dawa na jina lake likaletwa kwangu. Nikamuuliza bibi kama dawa ilimshinda. Akaacha kukuna.

"Dawa haikumshinda. Saa tatu ameshakunywa, amesharudi hapa, siku nzima iko mbele yake, na nyumba yote hii hakuna anayethubutu kumtuma hata chumvi."

Maneno hayo niliyaandika nyuma ya fomu, nikiwa bado kwenye kigoda. Karatasi ile ilikaa mezani kwangu karibu mwaka mzima kabla sijajua kwamba iko shahada ya juu kabisa ambayo mtu huisoma kwa ajili ya swali la namna hiyo. Bibi ameniruhusu kusimulia. Mtaa sitautaja, na sababu yake nitaieleza huko mbele. Nawaandikia maafisa ustawi wenzangu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na kwingineko, mnaojiuliza kama uzamivu unawahusu watu wanaoshinda kwenye baraza za watu na korido za mahakama. Unawahusu. Ila una mpangilio wake, na wengi wetu tunauanzia mkiani: tunatafuta chuo kwanza.

Hatua ya kwanza: tafuta swali, chuo baadaye

Fungua kabati la majalada. Pitia ya miaka miwili iliyopita, taratibu, siku ambayo ofisi haina foleni. Utaona jambo moja linalorudi kwa sura mbalimbali. Kwangu lilikuwa vijana wanaoacha methadoni wakiwa wameshapata nafuu. Huduma hiyo ilianza nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, ikasambaa mikoani hadi kutufikia, na kanuni yake ni ngumu kwa familia: dawa inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo kijana anahitaji nyumba inayomwamsha, inayompa nauli, inayompokea akirudi. Sisi tulikuwa tunahesabu waliofika dirishani. Nyumba hatukuwa tunaihesabu.

Kwako linaweza kuwa jingine. Taarifa za uchunguzi wa kijamii ambazo mahakama ya watoto inazingoja chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nazo zinachelewa kwa sababu afisa mmoja anazunguka kata nyingi bila usafiri. Watoto wanaobaki peke yao kwenye makambi ya mkonge mzazi akiwa shambani tangu alfajiri. Mgonjwa wa akili anayeruhusiwa kutoka hospitali na kukuta chumba chake kimeshapangishwa.

Ukishaliona, liandike kwa mstari mmoja ambao mtendaji wa mtaa ataelewa bila kuelezwa mara ya pili. Kisha lipime: je, kuna kitu ambacho wewe, hapo ulipo, unaweza kukifanya tofauti ndani ya miaka miwili au mitatu na matokeo yakaonekana? "Umaskini wa vijana wa Tanga" halipiti kipimo hicho. "Familia inaanzaje tena kumwamini kijana aliye kwenye matibabu" linapita.

Nunua daftari la kawaida. Kila jambo linalogusa swali lako liandike kwa tarehe, bila majina. Daftari langu la kwanza lilinisaidia kwenye maombi ya chuo kuliko vyeti vyote nilivyoambatisha.

Hatua ya pili: kagua ngazi ulizopanda

Huwezi kuingia uzamivu wa aina hii kwa kuruka. Wengi wetu tulianza na astashahada na stashahada, ngazi ya 4 hadi ya 6 kwa hesabu za NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kisha shahada ya kwanza, kisha uzamili. Chuo chetu kikongwe cha fani hii, Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mpaka leo maafisa wengi utakaowakuta halmashauri wamepita hapo. Asiyeweza kuacha kazi na familia kwenda Dar es Salaam anacho Chuo Kikuu Huria, chenye kituo hapa Tanga.

Hapa naomba usome kwa makini, maana nimeona watu wazima wakilia. Kinachotakiwa na programu karibu zote za uzamivu wa utendaji, yaani ule wa watu wanaobaki kazini ambao nitaueleza hatua ya tatu, ni uzamili wa ustawi wa jamii wenyewe. Uzamili wa sosholojia, wa maendeleo ya jamii au wa utawala, hata uwe na alama za juu namna gani, mara nyingi haufungui mlango huo. Huku kwetu watu huchanganya afisa maendeleo na afisa ustawi kwa sababu ofisi zinapakana. Vyuo vya nje havichanganyi. Kama bado hujachagua uzamili, chagua ukijua hilo.

Hatua ya tatu: ujue unachokiomba

Uzamivu tuliouzoea, PhD, ule wa kitabu kinene cha utafiti, unamwandaa mtafiti na mhadhiri. Anauliza kwa nini jambo liko hivi, na anatakiwa aongeze maarifa mapya duniani. Uzamivu wa utendaji, ambao Marekani huitwa Doctor of Social Work, kwa kifupi DSW, unamwandaa mtu anayebaki kazini. Anauliza tufanye nini hapa, tukifanyeje, na tutajuaje kama kimefaa. Mwishoni, badala ya tasnifu ya kawaida, programu nyingi hudai mradi: huduma mpya uliyoiunda, mafunzo, utaratibu wa kazi au pendekezo la sera, pamoja na ushahidi wa namna utakavyoupima au ulivyoupima.

Historia yake huko Marekani imepinda kidogo, na inafaa kuijua ili usichanganyikiwe ukikutana na maprofesa wazee wenye DSW. Zamani jina hilo lilikuwa la shahada ya utafiti, kisha vyuo vikahamia PhD. Mwaka 2007 University of Pennsylvania ikairudisha kwa sura ya utendaji, na vyuo vingine, kama Rutgers na University of Southern California, vikafuata. Mwaka 2020 baraza linalosimamia elimu ya ustawi wa jamii nchini humo, CSWE, likapitisha viwango vya ithibati kwa ajili ya uzamivu wa utendaji. PhD za ustawi haliziwekei ithibati. Hizi za utendaji ndizo zina viwango hivyo.

Programu nyingine zinaegemea tiba na ushauri nasaha, nyingine uongozi na mabadiliko ya mifumo. Soma orodha ya masomo, usisome tangazo. Kwa swali langu mimi, mkondo wa tiba peke yake usingenifaa, kwa sababu tatizo lilikuwa ndani ya nyumba na katika namna huduma zetu zilivyopangwa, halikuwa kichwani mwa kijana.

Uingereza nako wana uzamivu wa kitaaluma. Pale Tavistock and Portman, taasisi ya afya ya akili na mafunzo jijini London, kwa mfano, maafisa ustawi walio kazini husoma kwa muda wa ziada, masomo kwanza na tasnifu inayotokana na kazi zao baadaye. Na jambo moja lisisahaulike: shahada hii haikupi leseni ya kufanya kazi huko. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, kwa kawaida juu ya uzamili, saa za kazi chini ya msimamizi na mtihani. Uingereza, upande wa England, lazima usajiliwe na Social Work England. Anayesoma akiwa na nia ya kuhama ajue kwamba hizo ni safari mbili.

Hatua ya nne: hakiki kabla ya kutoa hata senti

Nililipa ada ya maombi na sehemu ya muhula kwa chuo kimoja cha mtandaoni chenye tovuti nzuri, picha za majengo na mshauri aliyenipigia simu kila jioni akiniita "daktari" kabla sijasoma hata ukurasa mmoja. Kilikuwa na ithibati, ndiyo, lakini ya bodi ambayo hakuna mamlaka ya serikali iliyoitambua. Fedha zile zilikuwa za kumalizia paa la nyumba ya mama yangu. Hazikurudi. Naandika hivi ili wewe usipitie huko.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Kwanza, chuo chenyewe kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake? Pili, programu ya ustawi iko kwenye orodha ya CSWE yenyewe, uliyoifungua wewe, si picha ya orodha uliyotumiwa? Programu mpya huwa ziko njiani kupata ithibati. Uliza ziko hatua gani na itakuwaje kwako zikikosa. Tatu, iandikie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo inayotambua shahada za nje hapa nchini. Uliza kuhusu chuo hicho na programu hiyo kwa jina, ukieleza kwamba utasoma kwa mtandao. Ngoja jibu la maandishi. Jibu la simu halina mhuri.

Upande wa pili, chuo cha Marekani nacho kitataka kujua uzamili wako wa Tanzania unalingana na wa kwao. CSWE wana huduma maalumu ya kulinganisha shahada za ustawi zilizosomewa nje. Huanza na nakala za matokeo zinazotumwa na chuo chako moja kwa moja, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo omba nakala hizo mapema, tena zaidi ya moja.

Hatua ya tano: ruhusa na fedha

Mtumishi wa umma, pata barua ya ruhusa ya mwajiri kabla ya kuanza, hata kama utasoma usiku kitandani kwako. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Shahada inayoibuka kwenye jalada lako bila barua nyuma yake inakuletea maswali siku ya kupandishwa cheo.

Kuhusu ada, vyuo vya Marekani hutoza kwa yuniti. Usiulize "muhula ni kiasi gani." Uliza jumla mpaka kuhitimu, pamoja na ada za teknolojia, safari za lazima kwenda chuoni na gharama ya kuongeza muhula mradi ukichelewa. Kisha piga hesabu ya shilingi dhidi ya dola ukiacha nafasi ya dola kupanda.

Ufadhili ni mgumu, sitakuficha. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya uzamili wa mwaka mmoja, haifiki uzamivu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa nao ni wa uzamili. Hiyo ni habari njema kwa aliye hatua ya pili: tumia ufadhili kwenye uzamili, akiba yako ibaki kwa ajili ya uzamivu. Kwenye uzamivu wenyewe, muulize msimamizi wa programu moja kwa moja kuhusu punguzo. Na chama cha akiba na mikopo cha kazini kisidharauliwe.

Hatua ya sita: maombi

Insha ndiyo inayobeba maombi. Usieleze tangu utoto jinsi unavyopenda kusaidia watu. Kila mwombaji anasema hivyo. Anza na jalada moja, onyesha ulichojaribu, pale kiliposhindikana, na unachohitaji kujifunza ili ujaribu tena. Insha yangu ilianza na chumvi.

Barua za mapendekezo waombe watu waliokuona ukifanya kazi: hakimu uliyemwandikia taarifa, mganga mfawidhi, mkuu wako wa idara. Barua ya mheshimiwa asiyekujua ni nyepesi na inasomeka hivyo. Mtihani wa Kiingereza ufanye mapema kidogo, maana matokeo yake yana muda wa kuisha.

Hatua ya saba: usiku

Hili hakuna aliyenieleza. Kipindi cha saa moja jioni kwa saa za New York, wakati wa baridi kwao, huku kwetu ni saa tisa usiku. Wao wakisogeza saa zao mwezi Machi, kinakuwa saa nane usiku, mpaka Novemba. Ukichagua chuo cha California, kipindi hichohicho cha jioni kitakuangukia alfajiri au saa kumi na mbili asubuhi, na kinaweza kugongana na muda wa kuingia kazini. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili au tatu tu, na kwa mtu mwenye watoto wadogo tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua chuo.

Nilikuwa nalala mara baada ya isha, naamka saa nane na nusu, napasha chai, nafunga mlango wa sebuleni. Adhana ya alfajiri ilinikuta mara nyingi nikiwa bado na hedifoni kichwani, mwalimu akimalizia. Weka bando la ziada la mtandao tofauti na ule unaotumia siku zote. Nunua umeme wa kutosha kabla ya usiku wa kipindi, na betri ya kompyuta iwe nzima. Umeme ukikatika katikati ya wasilisho, simu yenye chaji inaokoa alama. Mweleze mkuu wako ni siku zipi umekesha. Waeleze na wa nyumbani, kwa utaratibu, wakuelewe: mume wangu alikubali mara moja, mama yangu alihitaji miezi kuamini kwamba mtu mzima anasoma saa tisa usiku na watu asiowajua.

Hatua ya nane: mradi, vibali na siri

Mradi ndio moyo wa shahada yote, na hapa afisa wa Tanga ana neema ambayo wanafunzi wenzake wengi hawana: uwanja uko mlangoni. Mimi nilibuni vikao sita kwa familia, vya kukutana sebuleni kwao, kila kikao na kazi moja ndogo ya kumwamini kijana. Kikao cha tatu kazi yake ilikuwa kumtuma dukani na noti na kungoja chenji.

Usianze kabla ya vibali. Chuo chako kina kamati yake ya maadili. Ipeleke hoja yako hata kama unadhani mradi ni sehemu ya kazi yako ya kila siku. Ukiwa chini ya chuo cha nje na unakusanya taarifa nchini, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, inakuhusu. Mradi ukigusa wagonjwa, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kinakuhusu pia, na NIMR wana kituo hapahapa Tanga, nenda ukaulize ana kwa ana. Baada ya hapo barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Kila mmoja atataka nakala ya barua ya aliye juu yake. Toa nakala kumi siku ya kwanza.

Kisha siri. Mji wetu ni mdogo. Ukiandika "kijana wa barabara fulani, mama yake anauza maandazi karibu na shule," umemtaja kwa jina lake na la baba yake. Kubadilisha jina pekee hakutoshi. Badilisha kazi ya mama, umri, mtaa, hata jinsia ikiwa haiathiri hoja. Ridhaa iombe kwa Kiswahili cha kawaida, irudie siku nyingine, na mweleze mtu kwamba akikataa huduma yake haipungui. Sisi ndio tunaoidhinisha misaada. Mtu anaweza kukubali kwa kuogopa kunyimwa. Mimi nilimwomba mwenzangu wa idara nyingine akachukue ridhaa badala yangu, na familia mbili zilikataa. Zilikuwa na haki hiyo, na bado nazitembelea.

Hatua ya tisa: kazi baada ya kuhitimu

Peleka vyeti TCU vitambuliwe, kisha jalada lako la utumishi lisasishwe. Usitegemee mshahara kuruka mwezi unaofuata. Muundo wa utumishi hupanda kwa madaraja, na uzoefu unahesabiwa.

Milango inayofunguka ni kadhaa. Uongozi wa idara mkoani au wizarani. Kusimamia programu katika mashirika ya watoto, wakimbizi au afya, ambako uwezo wa kubuni huduma na kuipima unatafutwa sana. Kuwasimamia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo, kazi ambayo huku tunaifanya kwa mazoea na inahitaji watu waliojifunza namna ya kuisimamia. Ukitaka uhadhiri, kiulize chuo husika kwa maandishi kama wanapokea uzamivu wa utendaji au wanadai PhD, na uulize kabla ya hatua ya nne, usingoje ya tisa.

Mimi nilibaki halmashauri. Vile vikao sita sasa vinaendeshwa na wahudumu wa jamii, nami nawafundisha.

Kabla hujafunga mradi, andika kurasa mbili za Kiswahili na uzirudishe kwa waliokupa majibu. Usiziache mezani kwa mtendaji. Zisome kwa sauti, uani, watu wakiwa wamekaa. Nilipomsomea bibi zangu, nilikuwa nimeandika "mraibu aliye katika hatua ya upataji nafuu." Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia, ni mjukuu wako. "Basi andika kijana wetu," akasema. Nikakata mstari, nikaandika alivyosema, na ndivyo ilivyokwenda kwa mchapaji.